Je, Yafaa Kumtisha Mtoto kwa Chunusi?



Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata kando ya lambo, wakati wa masika, nguo zangu zikiwa zimelowa mpaka magotini, na tangu siku hiyo halijaniacha. Naliandika hapa kwa kuwa naamini wengi wenu mmefanya kama nilivyofanya mimi, na huenda jioni ya leo mtafanya tena.

Kila aliyekulia upande wetu huu wa Ziba ameambiwa tangu angali mdogo kwamba asiende lambo peke yake, maana majini yumo chunusi. Hakuna aliyepata kumwona. Wengine husema ni mwanamke mwenye nywele ndefu. Wengine husema hana umbo ila mkono tu, nao humshika mtoto mguu na kumvuta chini. Neno lenyewe ni la watu wa pwani, na nadhani lilipanda huku kwa njia ya misafara, pamoja na nguo na shanga, wakati wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakirudi kutoka Bagamoyo walikopeleka pembe za ndovu. Watu wale waliijua thamani ya maji kuliko sisi. Kabla ya kufika nyumbani iliwapasa kuvuka Mgunda Mkali, nchi kavu ambayo kulikosa dimbwi moja tu kuliweza kuwa kifo cha wengi.

Basi na mimi nilimwambia mjukuu wangu habari za chunusi. Alikuwa na miaka 6. Nilimwambia kwa uso mkavu kabisa, mimi mzee wa kanisa ninayesoma masomo siku ya Jumapili, naye akaniamini. Muda wa mwaka mzima hakukanyaga ukingo wa lambo. Nikajisifu moyoni kwamba neno moja limefanya kazi ya ua wa miiba.

Siku moja vijana wakubwa waliingia kuogelea mbele ya macho yake. Wakapiga mbizi, wakatoka wakicheka. Mtoto alitazama tu. Kesho yake mchana, watu wakiwa mashambani, alikwenda peke yake akaingia. Aliyemwokoa ni kijana mchungaji (wa ng'ombe, si wa kanisa) ambaye alikuwa akinywesha mifugo upande wa pili, akaona kofia inaelea wala haina kichwa chini yake. Akaingia na fimbo yake akamtoa. Nilipofika mimi, mtoto alikuwa amekwisha kutapika maji na kuanza kulia. Nilimwuliza kwa nini amefanya vile. Akanijibu, "Babu, mle hamna mtu. Niliona jana."

Hilo ni la kwanza. La pili lilifuata papo hapo. Kina mama waliokusanyika walimshukuru Mungu kwa sauti kuu, kama ipasavyo. Baada ya shukrani mmoja akauliza polepole kwa nini chunusi amshike mtoto huyu, asiwashike wale vijana wa jana. Mwingine akasema kwamba chunusi haendi asipotumwa. Wa tatu akataja jina la bibi mmoja mjane, mwenye macho mekundu, ambaye nyumba yake iko karibu na lambo. Nami nilinyamaza. Ningesemaje kwamba hakuna chunusi, hali mimi ndiye niliyemweka mle?

Mtoto alipona, kwa hiyo jina lile halikwenda mbali. Lakini nimelala usiku mwingi nikiwaza lingekwenda wapi kama angalikufa.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Waafrika peke yetu, kama walivyodhani baadhi ya wageni waliotuletea Injili. Wayunani wa kale, watu wa hekima nyingi, waliamini kwamba kila chemchemi na kila mto una binti wake anayekaa ndani na kuyalinda maji, asiyekuwa mungu kamili wala mwanadamu. Mabinti wa maji matamu waliwaita Naiadi. Mmoja wao jina lake ni Arethusa. Yasemekana alikuwa akioga katika mto Alpheus, huko Uyunani, na mto ule, ambao nao waliuhesabu kuwa na nafsi, ukamtamani ukamfukuza. Akamlilia Artemi amwokoe. Artemi akamgeuza kuwa maji, naye akapita chini ya bahari mpaka akatokea Ortygia, kisiwa ambacho ni sehemu ya mji wa Sirakusa. Chemchemi hiyo ipo hata leo, hatua chache tu kutoka bahari ya chumvi, na mafunjo yameota ndani yake.

Artemi huyo ndiye yule ambaye Demetrio mfua fedha na wenzake walimpigia kelele kule Efeso (Mdo. 19). Na Sirakusa ndipo Paulo alipokaa siku tatu, akiwa mfungwa anayepelekwa Rumi (Mdo. 28:12). Luka hatuambii kama Paulo aliiona chemchemi ya Arethusa. Mimi napenda kuwaza kwamba aliyanywa maji yake, maana mabaharia wakitia nanga hutafuta maji matamu kwanza, na kwamba hakuuliza ni ya nani.

Mwandishi mmoja aitwaye Diodorus, mwenyeji wa kisiwa hicho hicho cha Sicily, aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, anaeleza kwamba chemchemi ile ilikuwa na samaki wakubwa tena wengi, wala hakuna aliyewagusa, kwa kuwa walihesabiwa kuwa watakatifu. Na waliothubutu kuwala wakati wa shida ya vita walipatwa na maafa. Niliposoma hayo nilianza kuwaelewa wazee wetu. Samaki katikati ya mji wenye njaa huwezi kumlinda kwa askari usiku na mchana. Lakini ukimpa binti wa kutisha, atalindwa hata usiku wa giza. Vivyo hivyo sehemu nyingi za Afrika Mashariki ilikuwa mwiko kuchovya kisimani chungu chenye masizi. Ukiuliza sababu, uliambiwa kwamba mwenye kisima atakasirika, na maji yatahama. Bwana afya wa leo angetoa sababu nyingine, lakini maji yangekuwa safi yale yale.

Kwa hiyo siwezi kuwaita bibi zetu waongo na kuishia hapo. Walikuwa na watoto wengi, malambo yasiyo na ua, na mashamba ya kulima tangu alfajiri. Walitumia walichokuwa nacho.

Wenye hekima nao wamesumbuka na swali hili. Plato, mwanafalsafa wa Kiyunani, aliwakataza kina mama wasiwatishe watoto kwa hadithi za miungu wanaotembea usiku katika sura za kigeni, akisema kwamba hadithi hizo huwafanya watoto kuwa waoga na tena huwatukana miungu. Lakini katika kitabu hicho hicho aliwaruhusu watawala kuwaambia raia uongo kwa faida ya mji. (Naona kwamba uongo aliukataza kwa mama na kuuruhusu kwa bwana mkubwa. Haya tunayajua.) Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, askofu wa Hippo, aliandika vitabu viwili vizima juu ya uongo, akaukataa wa kila namna, hata ule wa kuokoa maisha ya mtu. Alipoulizwa habari za Shifra na Pua, wakunga wale waliomdanganya Farao ili watoto wa kiume wa Waebrania wasiuawe, alijibu kwamba Mungu aliwalipa wema kwa ajili ya huruma yao, si kwa ajili ya uongo wao.

Mimi si Augustino, na kama Farao angekuja Ziba kutafuta watoto nisingemwonyesha njia. Lakini nimegundua tofauti moja. Wakunga wale walimdanganya mwuaji. Mimi nilimdanganya mtoto aliyetakiwa kuokolewa. Adui asipojua ukweli, vema. Lakini yule anayekwenda kando ya maji anauhitaji ukweli kama anavyouhitaji mkono wa kumshika.

Maana ukweli wa lambo unatisha vya kutosha. Malambo yetu yamechimbwa katika udongo mweusi wa mbuga. Ukingo wake ukilowa huteleza kama sabuni, na mtoto akiteleza hapati pa kushika. Chini ni tope zito. Mguu ukizama ndani, kadiri anavyouvuta ndivyo tope linavyoukaza. Huo ndio mkono unaoshika mguu! Methali yetu yasema mfa maji haachi kutapatapa, na watu huitegemea, wakidhani kwamba mtoto akizama watasikia kelele. Mtoto mdogo mara nyingi hufa maji kimya, kwa dakika chache, bila kupunga mkono, kwa sababu kinywa kikiwa chini ya maji hakuna pumzi ya kupigia yowe. Mama anaweza kuwa anafua hatua kumi kutoka hapo asisikie neno. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka 5.

Tena yumo mwingine asiyeonekana, yaani mdudu wa kichocho, ambaye hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu, na baadaye mtoto hukojoa damu. Huyu humwingia mtoto mtiifu sawasawa na mtundu, wala hatumwi na jirani. Dawa yake ni vidonge, na anayedhani amerogwa huchelewa kuvipata.

Mtoto aliyeambiwa kwamba tope huteleza, kila akifika ukingoni analiona tope. Lakini aliyeambiwa kwamba yumo chunusi anahitaji siku moja tu ya kutomwona. Ndivyo ilivyokuwa kwa mjukuu wangu. Nilimjengea ukuta wa neno moja, na ukuta ulipoanguka hapakuwa na kingine nyuma yake.

Hata hivyo, linalonitisha zaidi ni lile la pili, yaani yale maneno ya kina mama. Chunusi, kabla mtoto hajazama, ni mlinzi. Mtoto akiisha kuzama, anageuka kuwa jibu. Na jibu hilo hufunga maswali yote yenye faida: kwa nini hapakuwa na ua, nani alichimba shimo la udongo wa matofali akaliacha wazi lijae mvua, kwa nini tunawatuma watoto wa miaka 6 kuteka maji. Yote hayo hayaulizwi tena. Linabaki swali moja, ni nani amemtuma, na swali hilo halikosi mtu. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi mwaka 1928, na sheria haikuwazuia watu. Hesabu za Serikali ya nchi yetu zilionyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 waliuawa katika Tanzania Bara watu zaidi ya 3,000 kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ni katika nchi ya Wasukuma, jirani zetu na ndugu zetu. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa alama. Ndugu zangu, mwanamke aliyepika miaka 50 kwa kuni mbichi na mavi ya ng'ombe katika nyumba isiyo na dirisha, macho yake yatakuwa na rangi gani?

Mtu atasema, dawa ni rahisi: tuhubiri kwamba chunusi hayupo. Nimewasikia wainjilisti wakihubiri hivyo vizuri sana, kisha wakapanda baiskeli wakaenda zao, na lambo likabaki kama lilivyokuwa. Bwana wetu alisema habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu, akazunguka mahali pasipo maji asipate pa kupumzika, akarudi akaikuta nyumba imefagiwa, imepambwa, tena tupu, akaingia pamoja na wengine saba waovu kuliko yeye (Mt. 12). Sikatai kwamba wako pepo. Maandiko yanasema wako. Nasema tu kwamba nyumba tupu si salama, na lambo ambalo chunusi amefukuzwa na wala hakuna aliyechukua kazi yake ni nyumba tupu.

Yuko mtu wa kanisa letu aliyelielewa jambo hili. Wamisionari wa kwanza wa CMS waliokwenda Uganda walipita katika Unyamwezi. Walikuwa na kituo Uyui, karibu na Tabora, ambako Hannington aliugua sana mwaka 1882 kabla hajawa askofu. Mmoja wa wamisionari hao alikuwa Alexander Mackay, Mskoti, fundi wa mitambo. Desemba 1879 Kabaka Mutesa, akiwa mgonjwa, alitaka kumpokea katika jumba lake Mukasa, ambaye Waganda walimwita lubaale wa ziwa kuu. Hekalu lake lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe, na aliyesemwa kuwa na Mukasa ndani yake ndiye aliyeletwa. Mackay alimpinga Kabaka waziwazi, naye hakushinda siku ile.

Lakini hakuishia kupinga. Baadaye alichimba kisima, akatia pampu, na watu walipoona maji yanapanda juu kutoka ardhini walistaajabu mno, wakapiga kelele kwamba Mackay mwenyewe ni lubaale. Hapo angeweza kunyamaza akaheshimiwa. Aliwaambia kwamba Mungu ni mmoja, na yeye ni mtu tu kama wao, akawaeleza pampu inavyofanya kazi. Alifariki 1890 huko Usambiro, kusini ya ziwa. Na maji ya ziwa hilo hilo la Mukasa yalifika Shinyanga na Kahama kwa bomba mwaka 2009, na baada ya miaka kadhaa yakafika Nzega, Igunga na Tabora. Lakini bomba halifiki kila kitongoji, na ng'ombe hawanywi bombani. Malambo tutakuwa nayo.

Nilipokuwa katika mawazo haya ilinijia habari ya birika ya Bethzatha (Yn. 5). Mnaikumbuka: wagonjwa wengi wamelala katika matao matano wakingoja maji yatibuliwe. Aya ile inayosema kwamba malaika ndiye aliyeyatibua haimo katika nakala za kale kuliko zote. Wataalamu hudhani iliongezwa baadaye ili kueleza kile ambacho watu wa pale waliamini. Basi hata birika ile ilikuwa na mkazi wake, na watu walimngoja. Yule mgonjwa wa miaka 38, Bwana alipomwuliza kama anataka kupona, hakulalamika juu ya malaika. Alisema kwamba hana mtu wa kumtia ndani. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi kanisani bila kuona kwamba Bwana wetu hakubishana naye kabisa habari za maji. Hakusema kwamba malaika yupo, wala kwamba hayupo. Yule mtu alikosa mtu, na Bwana akawa mtu huyo.

Tangu hapo maneno ya mjukuu wangu, kwamba mle hamna mtu, nayasikia kwa namna nyingine.

Nilikwenda kwa yule bibi mjane. Hakujua kwamba jina lake lilitajwa, nami sikumwambia. Nilimpelekea chumvi kidogo, nikakaa. Katika mazungumzo nilimwuliza kama huwaona watoto wakienda lambo. Akacheka. Akasema kwamba kwa miaka mingi kazi yake ni kuwafukuza kwa fimbo, maana yeye ndiye aliye karibu na hana shamba kubwa, na ndiyo sababu watoto wanamchukia na kumwita mwenye lambo. Siku ile ya mjukuu wangu alikuwa zahanati kutibiwa macho.

Nilirudi nyumbani polepole sana.

Baada ya mavuno wanaume wa mtaa wetu walikata miiba tukazungushia lambo ua, tukiacha mlango mmoja wa mifugo na mwingine wa watu. Kwenye mti ulio ukingoni tumefunga kamba ndefu yenye dumu tupu lililozibwa vizuri, ili aonaye mtoto amezama amtupie bila yeye mwenyewe kuingia topeni. Kina mama wamekubali kuhesabu watoto kwanza ndipo waanze kufua. Zamu za kukaa pale mchana wakati wa kulima bado tunabishana, hasa za Jumamosi, kwa ajili ya gulio. Na yule aliyetaja jina nimezungumza naye, peke yetu, nikaungama sehemu yangu kwanza.

Limebaki jambo la mtoto asiyeweza kuelewa sababu. Ninaye mjukuu mwingine, msichana wa miaka 3. Huyu ukimweleza habari za tope hukujibu habari za mbuzi. Sikumwambia chunusi. Nilimchukua mpaka ukingoni, nikamshika mkono kwa nguvu, nikamwacha atie mguu mmoja katika tope lenyewe, ukazama mpaka kwenye goti. Akavuta, hautoki. Akanitazama, akavuta tena, akaanza kulia, nami nikamnyanyua. Mguu ulitoka bila kiatu, na kiatu hatujakipata.